Njia ya Mwongo ni Fupi? Historia Ndogo ya Anwani Zilizokatwa

Wahenga walituachia methali isemayo njia ya mwongo ni fupi. Walimaanisha kwamba uongo haufiki mbali. Mwongo atakimbia, lakini atashikwa tu. Ukiisoma methali hiyo leo, simu ikiwa mkononi, unaweza kuielewa kivingine kabisa. Maana kuna njia fupi zinazoingia kwenye simu zetu kila siku: jina la kampuni, alama ya mkwaju, halafu herufi sita au saba zisizo na maana yoyote. Bonyeza hapa. Nyuma ya herufi hizo panaweza kuwa na hadithi nzuri ya mwandishi kijana, tangazo la nafasi za masomo, au mtu anayesubiri namba yako ya siri. Kwa macho, zote tatu zinafanana.

Habari za linki fupi kwa kawaida tunawaachia mafundi wa kompyuta. Mimi naona ni habari ya historia, tena historia ndefu kuliko intaneti yenyewe. Binadamu amekuwa akikata anwani kwa muda mrefu, na kila alipokata alipata faida ile ile na kujiingiza kwenye hatari ile ile. Nasi tunaosoma na kuandika Kiswahili mtandaoni tuna sababu yetu ya kuifuatilia, kwani sehemu ya kumbukumbu yetu imewekwa ndani ya herufi hizo sita. Ila nisianzie kwa mafundi. Nianzie Wampembe.

Sanduku la mtu mwingine

Wampembe ni kata ya wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Juu kuna uwanda wa Ufipa wenye baridi na mashamba ya mahindi. Chini kuna joto, dagaa na migebuka. Kati ya juu na chini kuna mteremko unaowapa shida madereva mpaka leo. Kwa miaka mingi njia ya kutegemewa ilikuwa maji. MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Vituo vyake vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, na mitumbwi ikatoka ufukoni kwenda kuipokea. Kati ya meli na nchi kavu palikuwa na mtu mwenye mtumbwi, siku zote.

Barua nazo zilikuwa na mtu wa katikati. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania alifundishwa kuandika barua: anwani juu kulia, jina la shule, S.L.P. namba fulani, mji, tarehe. Tuliandika S.L.P. bila kujiuliza ni kitu gani. Ukiitazama vizuri, sanduku la posta halisemi unakaa wapi. Linasema nani anakutunzia barua zako. Vijijini watu wengi hawakuwa na sanduku lao. Barua zao zilipitia sanduku la shule, la parokia, la ofisi ya serikali, au la ndugu aliyeajiriwa mjini. Namba moja ya Sumbawanga iliweza kubeba mamia ya watu ambao hawajawahi hata kuiona ofisi ya posta yenyewe.

Faida yake ilikuwa kubwa. Aliyekuandikia kutoka Dar es Salaam hakuhitaji kueleza kwamba ukishuka mlima, pita kwenye mwembe mkubwa, nyumba ya tatu. Namba ilitosha. Na ukihama nyumba, namba ilibaki ile ile. Anwani ilisimama hata kama wewe ulitembea. Hatari yake nayo kila mtu aliijua. Mwenye ufunguo wa sanduku ndiye aliyeamua kama barua inafika leo, mwezi ujao, au haifiki kabisa. Ada ya sanduku isipolipwa, wote mliolitegemea mnafungiwa. Lakini mwenye ufunguo huyo alikuwa na jina na nyumba. Mtu aliweza kumfuata jioni na kumuuliza: “Shikamoo Mwalimu, nimekuja kuulizia barua yangu.”

Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na postikodi nchi nzima, ili kila nyumba iwe na namba na kila njia iwe na jina. Ni hatua ya kutuondoa kwenye sanduku la mtu mwingine. Ajabu ni kwamba wakati tunatoka kwenye sanduku hilo ardhini, mtandaoni tulikuwa tumeshaingia kwenye jingine, ambalo mwenye ufunguo wake hatumjui.

Neno moja, malipo ya mwaka

Kabla ya kufika mtandaoni kuna kituo kimoja cha kupitia, nacho ni waya. Neno “simu” lenyewe, kabla ya kuwa kitu cha kuweka sikioni, lilimaanisha waya. Tulilipata kwa Waajemi. Kupiga simu kulikuwa kutuma maneno kwa waya. Zanzibar iliunganishwa mwaka 1879 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden, ukaendelea kusini kuelekea Msumbiji na Durban. Tangu hapo habari ya bei ya karafuu haikusubiri tena meli.

Tatizo lilikuwa gharama. Ulilipa kwa neno, na maneno ya anwani nayo yalihesabiwa. Mfanyabiashara hakutaka kulipia maneno sita ya jina, mtaa na mji kabla hajasema hata salamu. Basi akasajili neno moja kwenye ofisi ya simu, akalilipia ada kila mwaka, na neno hilo likawa ndiyo yeye. Mtindo huo uliishi muda mrefu. Ukipekua karatasi za serikali yetu utaona kwenye kichwa cha barua maneno “Anwani ya Simu”, kisha neno moja tu. Wizara ya Elimu ilikuwa “ELIMU”, Dar es Salaam. Hiyo ni linki fupi kabisa, tena iliyo bora kuliko nyingi za leo, kwa kuwa ukiisoma unajua inakwenda wapi.

Waya mwingine ulipita huku huku Ufipa. Cecil Rhodes alikuwa na ndoto ya waya kutoka Cape hadi Cairo, na mwaka 1899 alikwenda Berlin kuonana na Kaiser Wilhelm II apate ruhusa ya kuupitisha kwenye koloni la Wajerumani. Ukatoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, ukafuata upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji. Rhodes alifariki Machi 1902, na waya wake haukuvuka Ujiji kwenda kaskazini. Nchi ya Wafipa ikawa imepitiwa na njia ya mazungumzo ya watu wengine, mwanzo wake kwa tajiri mmoja na mwisho wake vile vile.

Kwenye zama hizo za waya kuna kesi moja ambayo kila anayefupisha maneno angepaswa kuijua. Wafanyabiashara walikuwa wanatumia vitabu vya vifupisho, ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Mwaka 1887 mnunuzi wa sufu wa Philadelphia, Frank Primrose, alimtumia wakala wake huko Kansas ujumbe wa namna hiyo. Ndani yake kulikuwa na neno “bay”, ambalo kwenye kitabu chao lilimaanisha “nimeshanunua”. Njiani herufi moja ikabadilika, likafika “buy”, yaani nunua. Wakala akafanya alichoambiwa. Akanunua sufu kwa wingi, na Primrose akapata hasara ya zaidi ya dola 20,000. Akaishtaki kampuni ya simu, Western Union. Mwaka 1894 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kampuni haidaiwi zaidi ya bei ya ujumbe wenyewe, kwa kuwa mteja hakulipia huduma ya ujumbe kurudiwa ili kuhakikiwa. Bei hiyo ilikuwa dola 1 na senti 15.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kifupisho kiliokoa senti kadhaa. Kilipoharibika, hasara haikugawanywa kati ya aliyetuma, aliyesafirisha na aliyepokea. Ilimwangukia mmoja, naye hakuwa yule aliyekuwa katikati.

Daftari la mtu asiyeonekana

Miaka 108 baada ya hukumu ile, Mmarekani mpenda baiskeli za tairi moja, Kevin Gilbertson, alichoka na anwani ndefu zilizokuwa zikikatika vipande anapowatumia wenzake. Mwaka 2002 akaanzisha TinyURL. Unampa anwani ndefu, anakupa fupi, bure.

Tunasema “kufupisha”, lakini kwa kweli hakuna kinachofupishwa. Anwani ndefu iko pale pale. Kilichoongezeka ni daftari. Upande wa kushoto wa daftari kuna herufi chache, upande wa kulia kuna anwani kamili. Ukibonyeza linki fupi, simu yako haiendi unakotaka. Inakwenda kwanza kwa mwenye daftari, inauliza, inajibiwa “nenda kule”, ndipo inakwenda. Ukitumia herufi kubwa 26, ndogo 26 na tarakimu 10, nafasi sita zinakupa michanganyiko zaidi ya bilioni 56. Nafasi zinatosha watu wote. Suala ni nani ameshika daftari.

Twitter ilipoanza mwaka 2006 ikiwa na kikomo cha herufi 140, shughuli ikanoga. Kikomo hicho kilitokana na meseji ya kawaida ya simu, ambayo ni herufi 160. 20 ziliachwa kwa ajili ya jina la mtumaji. Katika herufi 140 anwani ndefu ilikula ujumbe wote. Mwaka 2008 ikaja bit.ly, mwaka uliofuata Twitter ikaifanya ndiyo ya kawaida, na Desemba 2009 Google wakaleta goo.gl. Baadaye Twitter wakatengeneza yao, t.co, na kila linki iliyowekwa kwao ikawa lazima ipite humo, mtumiaji apende asipende.

Faida zake si za kubeza, na anayesema linki fupi ni uhuni mtupu hajawahi kusoma anwani redioni. Mtangazaji hawezi kuwasomea wasikilizaji herufi 180 zenye alama za asilimia. Gazeti haliwezi kuzichapa, na likizichapa, kijana aliyelikuta limefungia maandazi hawezi kuzinakili bila kukosea. Kwenye kitochi, kila herufi inayopungua ni nafasi ya salamu. Linki fupi inaandikwa kwenye bango la zahanati, kwenye kadi ya mwaliko, kwenye ukuta wa shule, na mtu anaibeba kichwani mpaka nyumbani. Sisi waandishi wa habari tunaipenda pia kwa sababu inahesabu: unajua watu wangapi wamebonyeza, saa ngapi, kutoka nchi gani. Kwa mtu aliyezoea kuandika bila kujua kama anasomwa, hiyo ni neema.

Lakini hesabu ile ile inayokufurahisha wewe ndiyo inayomwandika msomaji wako kwenye daftari la mtu asiyemjua.

Aliye katikati akiamua

Tazama yaliyokwisha kutokea, tena kwa muda mfupi tu. Juni 2009 huduma moja ya kufupisha, Cligs, ilivamiwa, na linki zaidi ya milioni 2 zikageuzwa zote zielekee ukurasa mmoja. Waliozitengeneza hawakufanya kosa lolote na waliozibonyeza hawakufanya kosa lolote. Agosti mwaka huo huo huduma nyingine, tr.im, ikatangaza inafunga kwa sababu haioni pesa. Wakapiga kelele watu, ikaahirisha. Mwenye njia akichoka, njia inaishia hapo, kama waya wa Ujiji.

Halafu kuna suala la ardhi. Ile “.ly” ya bit.ly si pambo la Kiingereza. Ni anwani ya nchi ya Libya. Oktoba 2010 mamlaka ya Libya ilifuta anwani ya huduma moja ndogo, vb.ly, kwa hoja kwamba yaliyomo yanapingana na sheria zao. Wamiliki walikuwa mbali, watumiaji walikuwa kila mahali, lakini kiwanja kilikuwa cha Libya na mwenye kiwanja aliamua. Urusi nayo, Machi 2021, ilipotaka kuipunguza kasi Twitter, ilizilenga anwani zenye “t.co”. Zikakumbwa na nyingine ambazo herufi hizo zimo tu ndani ya majina yao, ikiwemo microsoft.com.

Mwenye daftari si lazima afunge. Anaweza kukuchelewesha. Agosti 2023 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba linki za t.co zinazokwenda kwenye baadhi ya tovuti, likiwemo gazeti la New York Times na mitandao shindani, zilikuwa zinasubirishwa kama sekunde tano kabla ya kufunguka. Sekunde tano ni kidogo sana, lakini ukiwa na bando dogo na mtandao wa kusuasua unaona tovuti haifunguki, unaacha. Hutajua kwamba kuna mtu alikushika mkono mlangoni.

Na wapo wasiohitaji hata ruhusa ya mwenye daftari. Mwaka 2016 watafiti Martin Georgiev na Vitaly Shmatikov walionyesha kwamba herufi tano au sita ni chache kiasi kwamba kompyuta inaweza kuzijaribu moja baada ya nyingine. Kwa njia hiyo waliyafikia mafaili ambayo wenyewe walidhani wameshirikisha rafiki mmoja tu, na waliziona ramani za safari za watu, zikiwemo za kwenda kwenye zahanati za magonjwa ambayo mtu hapendi yajulikane. Google wakarefusha herufi za linki za ramani zao. Somo lilikuwa jepesi: kuwa fupi si sawa na kuwa siri.

Ile hela tuma kwenye namba hii

Tanzania hatukusubiri linki fupi ili tujifunze utapeli. Nani hajapata meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”? Ni sentensi fupi inayomtegemea mtu mwenye haraka: kuna mahali anadaiwa, kuna mtoto anasubiri ada, anaona meseji, anatuma. Imezoeleka mpaka ikawa utani wa vijiweni. Sasa imepata ndugu mdogo. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia na ya harusi inapita “pata bando la bure, bonyeza hapa, kisha watumie watu kumi”, ikiwa na linki iliyokatwa. Anayeituma mara nyingi ni shangazi yako mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Mwongo amejifunza kupita kwenye mdomo wa mkweli.

Hapa ndipo nchi yetu ina jambo la kufundisha. Watanzania wengi wanaishi kwa njia fupi za namna nyingine, zile za nyota na reli. Mtu wa Wampembe akiuza migebuka yake na kupokea malipo kwa M-Pesa, anabonyeza *150*00#. Alama hizo hazina maana zaidi ya zile herufi sita za linki. Kwa nini basi anaziamini? Kwa sababu namba fupi hizo haziokotwi njiani. Zinatolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kila moja ina kampuni iliyoandikishwa nyuma yake, na kampuni ina ofisi, na mtaani kuna wakala unayemfahamu kwa jina. Hata meseji ya kitapeli ina namba fupi ya kuipeleka, 15040. Hii haina maana kwamba hakuna wizi huko. Upo, tena mwingi. Lakini ukiibiwa kuna mlango wa kugonga.

Linki fupi haina mlango huo. Imetengenezwa na asiyejulikana, kwenye daftari lililo nchi ya mbali, kwa masharti ambayo hakuna aliyeyasoma. Ukipata hasara uko mahali pa Primrose, tena yeye alau alikuwa na stakabadhi ya dola 1 na senti 15.

Kwa hiyo tofauti kati ya njia fupi nzuri na mbaya haiko kwenye ufupi. S.L.P. ilikuwa fupi, “ELIMU” ilikuwa fupi, nyota na reli ni fupi. Tofauti iko kwenye maswali mawili: anayeitunza njia hii anajulikana? Na ikikatika, nani anaumia?

Zinazokufa kimya

Kwa wapenzi wa fasihi, swali la pili lina jibu ambalo si zuri. Google waliacha kupokea linki mpya za goo.gl mwaka 2019, lakini za zamani ziliendelea kufanya kazi. Julai 2024 wakatangaza kwamba kuanzia tarehe 25 Agosti 2025 hazitafunguka tena. Watu wakalalamika, na mwanzoni mwa Agosti 2025 kampuni ikalegeza: zitakazofungwa ni zile tu ambazo hazikuonyesha dalili ya kutumika mwishoni mwa 2024. Zilizo hai zitaachwa.

Inaonekana ni uamuzi wa busara, mpaka ujiulize nini maana ya “hai”. Linki inayobonyezwa kila siku ni ya duka, ya fomu, ya video. Shairi la Kiswahili lililowekwa kwenye blogu mwaka 2011 linaweza kukaa miezi sita bila mgeni, kisha mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma akalihitaji kwa ajili ya tasnifu yake. Kazi za fasihi ndivyo zinavyoishi. Kitabu kwenye maktaba hakichomwi kwa sababu hakikuazimwa muhula mmoja. Lakini kwa kipimo kile, kisichosomwa sana ndicho kinachotangulia kuzikwa, na lugha zenye wasomaji wachache mtandaoni ndizo zinazoumia kwanza.

Kizazi cha kwanza cha blogu za Kiswahili, cha katikati ya miaka ya 2000, kile cha Jikomboe ya Ndesanjo Macha na blogu ya picha ya Michuzi, kilifungua njia. Waliowafuata waliingia wakati wa Twitter na Facebook, na wakasambaza maandishi yao kwa linki fupi kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi. Leo ukifungua mjadala wa zamani utakuta “soma uchambuzi kamili hapa”, halafu herufi sita. Makala yenyewe inaweza kuwa bado ipo salama kwenye blogu yake. Lakini njia ya kuifikia imekatika, na kwa kuwa anwani fupi haisemi kitu, huna hata jina la blogu la kutafutia. Anwani ndefu ikifa inakuachia maiti inayotambulika: jina la tovuti, mwaka, pengine kichwa cha habari. Fupi ikifa inazikwa bila jina.

Si sisi peke yetu. Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Kurasa zinakufa hata bila msaada wa mtu wa katikati. Kumwongeza mtu huyo ni kuongeza mahali pa pili pa kufia. Linganisha na karatasi. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilikuja kuchapwa kitabu miongo mingi baada ya kifo chake. Zilipitia posta, zilibebwa na watu wa katikati wengi, lakini zilipofika zilikuwa zimefika. Hakuna aliyeweza kuja miaka hamsini baadaye akasema huduma imesitishwa, karatasi zigeuke nyeupe.

Linki fupi haifiki kwa namna hiyo. Kila unapoibonyeza inaomba ruhusa upya.

Sisemi tuziache. Redioni, kwenye mabango na kwenye meseji tutaendelea kuzihitaji, kama tulivyohitaji S.L.P. ya shule. Ila kuna tabia chache ambazo hazigharimu kitu. Kwenye makala, kwenye blogu, kwenye kitabu, andika anwani kamili; hakuna anayekuhesabia herufi huko. Ukilazimika kutumia fupi, taja pembeni yake jina la mwandishi, kichwa cha makala na tovuti, ili ikifa msomaji awe na pa kuanzia. Huduma nyingi zinakuruhusu kuchagua maneno yako badala ya herufi za ovyo. Chagua neno linalosema, kama “ELIMU”. Ukipokea ya bit.ly unayoitilia shaka, ongeza alama ya kujumlisha mwishoni mwake, utaonyeshwa inakwenda wapi kabla hujaenda. Na shangazi akiituma kwenye grupu la familia, usimcheke. Muulize kwa adabu tu: “Shangazi, shikamoo. Hii umeipata kwa nani?” Swali hilo ndilo tulilokuwa tunamuuliza Mwalimu mwenye ufunguo.

Kubwa zaidi, wenye blogu za fasihi tuna kazi ya mikono ya kufanya. Kurudi kwenye maandishi ya zamani, kubonyeza kila linki fupi ambayo bado inafunguka, kuandika anwani kamili mahali pake, na kuuhifadhi ukurasa wenyewe kwenye ghala la Internet Archive, ambalo limekuwa likitunza kurasa za wavuti tangu 1996. Wapo watu wa kujitolea, kama kundi la Archive Team, walionakili mabilioni ya linki za goo.gl kabla ya siku ya kufungwa. Wamefanya sehemu yao bila kujua Kiswahili. Sehemu ya kujua lipi lilikuwa shairi na lipi lilikuwa tangazo la viatu imebaki kwetu, na inabidi ianze wakati linki nyingine bado zinajibu.